Mpini Niliousugua Ukang'aa

Akoth mwanangu,

Kisu kilichomharibu Dani mkono, mimi ndiye niliyekiharibu kwanza. Si kiwanda, si samaki, wala si yeye mwenyewe kwa kupiga domo kazini kama babu yako anavyosema mpaka leo. Ni mimi. Sijamwambia mtu, hata kanisani, hata wewe ulipokuwa tumboni na nilikuwa nakuambia karibu kila kitu.

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa salamu na kuulizana hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi na Dani kwenda Mamboleo kuulizia gari la kesho, na gauni umelivaa nyuma mbele kwa sababu ulikataa kusaidiwa. Hali yangu ni kwamba naogopa. Ni tangu juzi.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Port Victoria kukaa na Dani. Wewe unamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Kwangu mimi ni Shangazi, dada ya Baba. Unaenda ili mimi nirudi shule, kidato cha pili, nikiwa na miaka kumi na minane, nikae dawati moja na watoto wa miaka kumi na tano. Shangazi ndiye aliyesema nirudi. Ndiye aliyekwenda kwa mwalimu mkuu kuniombea nafasi, akarudi, akavua viatu, akasema, "Mtoto nitamchukua mimi. Wewe beba vitabu." Kwa hiyo unaona nilivyobanwa. Nikimwambia nililofanya, anaweza kupanda gari peke yake na kukuacha hapa, na shule itakuwa imeishia hapo, na mimi sitakuwa na mtu wa kunitetea duniani. Nisipomwambia, nakukabidhi kwa mkono ule huku uongo wangu uko katikati yetu sisi watatu.

Mambo ya kunawa mikono, kulala mapema na kutocheza na moto siandiki. Hayo Shangazi anayajua kuliko mimi. Habari za baba yako pia si za leo.

Naandika Kiswahili kwa sababu nyumbani tunaongea Kijaluo, na kwa Kijaluo mdomo unakataa. Nimejaribu, nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba, nikaishia kuokota kuni. Kiingereza ningeandika kwa mwandiko mzuri na maneno makubwa, halafu ningejificha humo kama nilivyokuwa nikifanya kwenye mtihani. Kwa Kiswahili siwezi kujificha sana. Ukishajua kusoma utaona.

Ngoja nianze na kazi ya babu yako.

Unamjua kama mtu wa kelele, nyundo na jasho pale kibandani. Lakini viwanda vya samaki aina ya mbuta vilipoanza kufunguliwa hapa Kisumu, wanawake wa mtaa wa Obunga walioajiriwa kupasua minofu walikuwa wakimtafuta yeye kwa visu. Anachukua kipande cha msumeno wa zamani, anakikata, anakinoa. Mkia wa kisu anaulaza ndani ya mchanga mbichi uliofinyangwa kwa umbo la mpini, kisha anamimina alumini aliyoyeyusha kutoka kwa sufuria zilizotoboka na pistoni za lori. Ikipoa, kisu na mpini ni kitu kimoja. Hakuna msumari, hakuna ufa wa kukaa uchafu. Mpini unatoka kijivu, una ndevu pembeni pale alumini ilipovuja kwenye mchanga.

Sasa mpini wa namna hiyo, mwanangu, ukiwa mtupu hivyo, ni hatari. Mbuta ana mafuta mengi kuliko samaki wote wa ziwa hili. Mkono ukishalowa mafuta hayo, alumini inakuwa kama sabuni ndani ya maji. Baba alijaribu kuifunga kwa mpira wa baiskeli, kiwandani wakaukataa kwa sababu ulinuka baada ya wiki moja. Akajaribu kuizungushia uzi wa nyavu, damu ikaganda ndani ya uzi, wakaukataa pia. Basi akaamua kwamba kinachoshika mkono lazima kiwe ndani ya alumini yenyewe. Alikuwa akichukua tupa ya pembe tatu na kukata mistari ya kulala kushoto, kisha ya kulala kulia, mpaka mpini wote unakuwa na vijino vidogo. Ukiupitisha shavuni unakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Yeye aliviita hivyo tu, meno. Akimaliza, anaupaka mafuta machafu ya injini na kuupasha juu ya makaa, taratibu, mpaka unageuka rangi ya chai ya rangi. Halafu unaoshwa.

Ulikuwa mpini mbaya. Wanawake walimcheka. Mmoja alisema umefanana na kisigino cha mzee, na Baba akamjibu bila kuinua macho, "Na kisigino cha mzee ulishakiona kikiteleza?" Wakanunua.

Sasa nikuambie kuhusu sufuria, maana kosa langu lilitoka huko.

Katika nyumba zetu, sufuria hupangwa juu ya kabati zikitazama mlango. Mgeni akiingia, kabla hajaona mwenye nyumba anajiona yeye mwenyewe, uso wake umetandazwa juu ya sufuria saba. Hapo ndipo anaposema msichana wa nyumba hii amelelewa, au hakulelewa. Mama yangu alinifundisha nikiwa darasa la tatu. Kwanza mchanga wa ziwani, halafu jivu lililochekechwa, halafu katani iliyolowa, unazungusha kwenda upande mmoja tu. Jivu bichi usiliache likae, litaila alumini na kuifanya iwe na ukungu kama jicho la samaki aliyelala. Mama alipofariki nikiwa darasa la sita, Shangazi ndiye aliyeendelea kunikagua. Anakuja Jumamosi, anageuza sufuria moja moja, anasema, "Mm." Ile "mm" yake ilinitosha wiki nzima.

Mimi si mtu wa maneno. Unajua hata wewe. Nikiitwa mbele za watu natazama miguu yangu. Nilichosifiwa maishani ni alama za insha na sufuria. Halafu nikapata mimba yako nikiwa kidato cha kwanza, na insha zikaisha. Nilirudishwa nyumbani na sanduku langu. Baba hakunipiga, aliacha tu kunitazama. Kina mama wa kanisa walikuwa wakifika karibu nami wanakumbuka wamesahau kitu nyuma. Shangazi alikuja siku ya tatu, akabeba sanduku lile kichwani, akanipeleka kwenye chumba chake kimoja hapo Obunga. Majirani walipotoka kuangalia alisema, kwa sauti ya mtu anayeuza nyanya, "Huyu ni wangu. Mwenye swali aniulize mimi, nipo."

Wakarudi ndani.

Wakati huo Shangazi alikuwa kiwandani, na alikuwa hodari. Walimpa wale mbuta wakubwa, wa uzito wa mtoto kama wewe. Kisu chake cha zamani kilikuwa kimenolewa mpaka kimebaki kama kijiti, akamwomba Baba amtengenezee kingine. Baba alikitengeneza, akakata meno, akanipa mimi. "Kuna ndevu kidogo hapa chini, ziondoe, umpelekee," alisema. Ndiyo maneno mengi zaidi aliyoniambia mwezi ule.

Nilitaka kumshukuru Shangazi na sikujua kusema asante kubwa kiasi hicho. Kwa hiyo nilifanya kile ninachokijua. Siku tatu, yeye akiwa kazini, nilikaa mlangoni na mpini ule mapajani, tumbo likiwa limeshaanza kunizuia kuinama. Nilianza na msasa mkali, nikaja na laini, nikaja na mchanga, jivu, katani. Mwisho kitambaa cha kanga kuukuu na dawa ya meno kidogo niliyoiminya kwenye tyubu ya Shangazi. Meno ya Baba yaliondoka siku ya kwanza. Niliyaona yakiondoka. Nilijua yalikuwa ya nini, nilikuwa nimekulia kibandani. Nilijiambia Shangazi ana mkono mzito, hawezi kuteleza kama wengine. Siku ya tatu niliona jicho langu ndani ya mpini, na paji la uso, na mlango nyuma yangu na mtu akipita.

Nilipompa aliushika kuelekea dirishani. Alisema, "Hiki ni kisu au ni pete ya arusi?" Halafu akatoka nacho nje, mimi nikamfuata nikitaka ardhi inimeze na pia nikitaka asirudi ndani haraka. Akawaita majirani. Oneni mtoto wangu amefanya nini. Wale waliokuwa hawanisalimii walikipokea mmoja baada ya mwingine, wakajitazama meno ndani yake. Mmoja alisema Baba hajawahi kutengeneza kitu kizuri kama hicho tangu azaliwe. Usiku Shangazi alikifunga kwenye kitambaa na kukiweka karibu na mto wake.

Akoth, nilikuwa na furaha kiasi kwamba wewe ulicheza tumboni kwa mara ya kwanza. Kila nikikumbuka mateke yako ya kwanza nakumbuka na mpini ule, na sijui nifanye nini na jambo hilo.

Siku ya nne tangu nimpe, alijikata mkono.

Nilichosikia ni hiki. Alikuwa anaingiza ncha nyuma ya kichwa cha mbuta, pale penye mfupa, na anasukuma kwa nguvu. Kisu kikagonga mfupa kikasimama, lakini mkono haukusimama. Uliteremka kwenye mpini mpaka kwenye makali, umefungwa ngumi. Wenzake walisema hakupiga kelele. Alisema tu, "Nipeni maji," kama mtu mwenye kiu.

Baba aliitwa, akakimbilia hospitali na mavazi ya kazi. Mimi nilibaki kibandani. Jioni mwanamke wa kiwandani alileta kikapu cha Shangazi na kisu kimefungwa ndani ya aproni, akaniambia pole, akaondoka. Nikakifungua. Makali yalikuwa na damu. Mpini haukuwa nayo hata tone. Ulikuwa unang'aa vilevile. Hata damu ilikuwa imeshindwa kuushika.

Sasa hapa ndipo penyewe. Kosa la kwanza lilikuwa ujinga wa mtoto wa miaka kumi na minne aliyetaka kusifiwa, na akauita shukrani. La pili halina jina zuri.

Nilichukua tupa ya Baba. Nikabana kisu kwenye jiliwa, nikakata meno upya. Kushoto, halafu kulia. Tumbo langu lilikuwa linagusa meza, nikalisogeza pembeni, yaani nilikusogeza wewe pembeni ili nipate nafasi ya kudanganya vizuri. Nikapaka mafuta ya injini, nikapuliza makaa, nikaupasha. Ulipogeuka rangi ya chai niliuosha na kuufuta na kuurudisha ndani ya aproni, na aproni ndani ya kikapu. Na meno yale, Akoth, yalikuwa yamenyooka kuliko ya Baba. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya na mkono wangu haukutetemeka. Jambo hilo bado linanitisha kuliko damu.

Baba alirudi giza likiingia. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu, akatoa kisu, akapitisha kidole gumba kwenye mpini, juu, chini. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, maana njia nzima alikuwa akijiuliza kama ni yeye aliyemkata dada yake. Akasema, "Meno yapo." Nami nikasema ndiyo, Baba.

Kesho yake tulikwenda wodini pamoja. Mkono wa Shangazi ulikuwa mpira wa bandeji. Baba alisimama miguuni pa kitanda na, mbele ya wodi yote, kwa sababu alikuwa ameogopa sana na hajui kuogopa kimyakimya, akaanza kumtania. "Mpini nimeukagua mwenyewe. Una meno kama mamba. Dada yangu, ni wewe na mdomo wako. Mkono uko kwenye samaki, mdomo uko Siaya."

Wagonjwa wengine walicheka. Shangazi alimtazama Baba. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeinama napanga machungwa kwenye kabati dogo, machungwa manne, nikayapanga na kuyapangua.

"Labda nilikuwa naongea," alisema.

Alikuwa amelala na mpini ule karibu na mto wake usiku tatu. Alijiona uso ndani yake. Alijua ulikuwaje. Majirani waliusifia mng'ao tu, hawakujua habari za meno. Kwa hiyo ama siku ile alielewa kila kitu na akaamua kunyamaza, ama alifikiri akili yake imeanza kumdanganya, na hilo la pili ni baya zaidi. Sijui ni lipi. Miaka hii yote, kila anapotutembelea, nimekuwa nikimwangalia anapopika, anapofunga kitambaa, anapokunyoa nywele, nikitafuta kujua, na sijui.

Vidole vyake viwili vya mwisho havikukunjika tena. Unavijua, huwa unavivuta ukidhani anafanya mchezo. Kiwandani walisema mwanamke anayezungumza akiwa na kisu hawamwezi, na neno hilo lilikuwa limetoka kinywani mwa kaka yake mwenyewe, likatembea Obunga likafika huko kabla yake. Wewe ulipofikisha miezi minne alihamia Port Victoria, kwenye boma la marehemu mume wake, akaanza kuuza samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kikapu anakishika kwa kidole gumba na vidole viwili.

Mimi nilirudi kwa Baba na nikawa fundi wa mipini. Watu wanadhani naipenda kazi. Ni woga tu. Kila mpini unaotoka pale kibandani tangu siku ile umepita mkononi mwangu. Kabla hatujauza, nachovya mkono kwenye mafuta ya mbuta, naushika, namwambia Baba avute kisu upande wa pili, makali yakiwa yamefungwa gunia. Ukiteleza hata kidogo unarudi kwenye tupa. Nimejifunza kutengeneza magamba kwa patasi ya mviringo, gamba moja juu ya jingine kama ya samaki wa ngege, na huo unashika vizuri kuliko mistari. Nimejifunza kutia vitundu kwa msumari, lakini vitundu vikiwa vya kina sana vinajaa mafuta na vinakuwa bure. Wakati mmoja nilijaribu ile soda kali ya kutengenezea sabuni, nikitaka mpini ukwaruze bila kuumiza mabega kwa tupa. Ilichemka kama maziwa bila moto, ikarukia kifundo cha mkono wangu. Alama yake umeshaiuliza mara nyingi nikakuambia ni chai. Si chai. Unaona, hata hiyo nilikudanganya.

Mwaka jana alikuja mama mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake, akataka visu vya jikoni sita vya kung'aa kama sufuria, vya kupeleka ukweni. Nikatikisa kichwa. Akadhani sikusikia, akarudia. Nikatikisa tena. Akamgeukia Baba, "Huyu mtoto wako ni bubu?" Baba akasema, "Bubu ningemvumilia. Huyu ni mkaidi." Alikwenda akavinunua kwingine. Baba hakuniuliza kwa nini. Labda naye hataki kujua.

Ningekuwa na amani, barua ingeishia hapo. Lakini lazima nikuandikie ya juzi.

Juzi Shangazi alipofika kukuchukua, mlikwenda ziwani kuoga, wewe na yeye. Mlirudi mmelowa mnacheka. Akatuambia, huku anakukausha, jinsi ulivyoona mtumbwi ukataka kuufuata. "Nimemshika mkono, nasikia tu pwa, hayupo. Ameteleza kama kamongo mkononi mwa mvuvi. Nikamkuta maji yamemfika kifuani." Baba alicheka mpaka akakohoa. Wewe ulicheka kwa sababu babu anacheka. Mimi nilitoka nikazunguka nyuma ya nyumba ili wasinione uso.

Kwa sababu nilijua ni mkono gani. Huko Port Victoria maji yako karibu na nyumba yao kuliko duka. Na wewe huogopi kitu.

Mtu mwenye akili timamu angemwambia Shangazi jambo dogo tu, mshike kwa mkono wa kushoto. Ni sentensi moja. Sikuweza. Basi nikakufundisha wewe. Jana asubuhi nilikupeleka kando nikakuambia, ukitembea na Dani, kaa upande huu, upande wa moyo, shika mkono huu, usishike ule mwingine. Ukauliza kwa nini. Nikasema ule mwingine ni mbaya. Ukauliza uliharibiwa na nani. Nikasema Dani hakuwa mwangalifu.

Nilisikia maneno yakitoka. Yalikuwa ya Baba, kinywani mwangu, nikiyaingiza kwako.

Na leo saa tano, Shangazi alikunyooshea mkono mwende Mamboleo, ukaruka pembeni. Ukasema kwa sauti ile yako isiyojua kunong'ona, "Si huo. Mama amesema huo ni mbaya, hukuwa mwangalifu."

Baba alikuwa anakunywa uji. Hakuinua kichwa. Shangazi alibaki ameunyoosha mkono vilevile, na vile vidole viwili vimesimama vyenyewe. Alinitazama kama siku ile ya machungwa. Safari hii sikuwa na kitu cha kupanga.

"Mama yako amesema vizuri," alikuambia. "Njoo huku kushoto." Mkaondoka.

Hapo ndipo nilipochukua karatasi.

Akoth, nimezoea kuogopa kwamba atajua. Nimeogopa hilo miaka mingi kiasi kwamba sikuona lingine likikua. Utaishi naye. Atakuamsha, atakufunga viatu, atakupeleka shule ya watoto. Na kila siku utauona mkono ule na kufikiri, huyu ni mtu aliyejikata kwa uzembe. Utawaambia hivyo wenzako watakapokuuliza. Utalisema kwa sauti ile ile, mbele ya watu, huku anakuosha kwa mkono huohuo. Mimi nitakuwa darasani nikiandika insha.

Nimelifikiria tangu mlipotoka na sioni pa kupitia. Akikuacha hapa kwa sababu yangu, nitalia, na nitabaki na tupa, na nitakulea hapa kibandani katika vumbi, na utakuwa mtoto wa fundi mpini. Si kifo. Watu wanaishi hivyo. Akikuchukua hata hivyo, basi atakuchukua akijua, na mimi nitaweza kusema mbele yake ile sentensi moja ya mkono wa kushoto kama mtu anayesema chumvi iko wapi. Angalia mwandiko hapa, umeanza kupanda nje ya mstari.

Kitu ambacho ningependa uchukue kutoka kwangu ni kidogo. Nilipoharibu nilikuwa mtoto, na nadhani ningesamehewa siku ileile, pale wodini, mbele ya wale wagonjwa wanaocheka. Ilikuwa nafasi nzuri sana. Shangazi aliniangalia akinipa. Nikapanga machungwa. Baada ya hapo kila mwaka ulioongezeka ulifanya iwe vigumu zaidi, na mimi nilidhani itakuwa rahisi.

Ukiwa na jambo kama hili, uje kwangu. Hata kama ni baya. Nitakuwa nimeshasema langu.

Nasikia watu kwenye njia ya kibanda. Ni nyinyi. Wewe unauliza kitu na Shangazi anajibu, siwasikii vizuri kwa sababu ya nyundo ya Baba. Tangu nianze kuandika, mlango ukilia karatasi hizi huingia ndani ya daftari la hesabu na daftari huingia chini ya godoro, mkono wangu unafanya wenyewe. Sasa hivi umeshaanza. Nimeurudisha.

Zimebaki hatua chache. Shangazi husoma Kiswahili polepole, kwa kidole, akitamka kila neno chini kwa chini, kwa hiyo itamchukua muda, na nitalazimika kukaa hapa muda wote huo.

Akoth, nenda kwa babu kidogo, akuonyeshe makaa.

Shangazi, ni mimi. Karatasi ziko mezani. Ya kwanza ni hii ya juu.